Haploidi
Haploidi ni seli au kiumbe chenye seti moja tu ya kromosomu. Yai na mbegu ya kiume ya binadamu hubeba kromosomu 23. Seli nyingi nyingine zina 46.

Mjini Bujumbura, Burundi, karibu na bonde la Ruzizi, mfano mchungu ni Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria. Chini ya hadubini, ndani ya chembe nyekundu ya damu, huonekana kama pete ndogo; kina kromosomu 14, kila moja nakala moja. Huwa na seti mbili kwa muda mfupi tu, tumboni mwa mbu.

Hapo ndipo penye hatari. Jeni ikibadilika na kuhimili dawa, hakuna nakala ya pili ya kuifunika. Dawa ya klorokwini iliposhindwa, mwaka 2003 Burundi ilihamia mseto wa atesuneti na amodiakwini.