Shujaa wa Kike Machoni pa Nani? Usawiri wa Mwanamke katika Michezo ya Video

Mtahiniwa anapotakiwa kujadili usawiri wa mwanamke, aghalabu huorodhesha sifa: mrembo, mtiifu, msaliti. Kisha huweka nukta. Makala haya yanashikilia kwamba orodha hiyo haitoshi mpaka tuulize sifa hizo zilibuniwa ili zitazamwe na nani. Tutachukua mfano wa michezo ya video, sanaa ambayo, kama fasihi, ina wahusika, migogoro na hadhira lengwa.

Mchezo wa Pac-Man ulitokea Japani mwaka 1980. Mhusika wake ni duara la manjano lenye mdomo, basi. Mwaka 1982 Marekani ilitoa Ms. Pac-Man: duara lile lile, ila sasa lina utepe kichwani na rangi ya mdomo. Mwanamume hakuhitaji alama yoyote ili atambulike. Mwanamke alitambulishwa kwa mapambo.

Mwaka 1986 kampuni ya Nintendo ilitoa Metroid. Mhusika mkuu, Samus Aran, amefunikwa gubigubi na deraya, hata wachezaji wengi wakamdhania mwanamume. Aliyemaliza mchezo upesi alifichuliwa kuwa ni mwanamke. Kadiri alivyomaliza upesi zaidi, ndivyo Samus alivyoonyeshwa na mavazi machache zaidi. Shujaa aliyeshinda vita akageuzwa tuzo ya mtazamaji.

Hali hii inaafikiana na hoja ya Laura Mulvey, mhakiki wa filamu wa Uingereza, aliyeandika mwaka 1975 kwamba filamu za Hollywood humweka mtazamaji nyuma ya jicho la kiume: mwanamume hutenda, mwanamke hutazamwa.

Lara Croft wa Tomb Raider (1996), aliyebuniwa na Toby Gard katika kampuni ya Core Design mjini Derby, Uingereza, alielekea kuipinga kanuni hiyo. Ni mwanaakiolojia msomi, jasiri, asiyemngoja mwanamume amwokoe. Hata hivyo, kifua chake kilichotiwa chumvi na kaptura yake fupi ndivyo vilivyotangulizwa katika matangazo ya biashara. Gard aliihama kampuni hiyo mwaka 1997, akiwa hakuridhishwa na jinsi mhusika wake alivyouzwa. Mchezo ulipoandikwa upya mwaka 2013, mwandishi wake mkuu akiwa Rhianna Pratchett, Lara alivaa suruali ndefu na kupewa umbo la binadamu wa kawaida.

Je, tuhitimishe kwamba mwanamke akishika kalamu taasubi ya kiume hutoweka? La hasha. Bayonetta (2009), ambaye umbo na miondoko yake imejaa ashiki, alichorwa na mwanamke, Mari Shimazaki. Wapo wahakiki wanaomwona kuwa mwanamke anayeumiliki mwili wake. Wengine humwona kuwa pambo lile lile la zamani. Jinsia ya msanii, basi, si ithibati tosha.

Mwalimu awahimize wanafunzi kujiuliza maswali matatu: mhusika anatenda nini? Anasema nini? Anatazamwa na nani, na kwa faida ya nani? Samus na Lara wanapasi swali la kwanza vizuri. Wanakwama katika la tatu. Mtahiniwa anayemsifu mhusika wa kike kwa ujasiri pekee huenda akaupita ubaguzi uliojificha nyuma ya sifa hiyo. Asilimulie tu alichokiona. Aonyeshe pia mahali msanii alipomsimamisha ili akione.