Handeni ipi, Korogwe ipi?

Mtafiti anayeanza na takwimu za serikali hukimbilia idadi, wakati alipaswa kuanza na mipaka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 276,646 katika eneo la halmashauri ya wilaya ya Handeni, na 79,056 katika Mji wa Handeni. Ukiweka idadi hizo kando ya Handeni ya 1988, iliyokuwa bado na Kilindi ndani yake, utapima historia ya utawala ukidhani unapima uzazi na uhamaji. Korogwe ina mtego mwingine: mashamba ya mkonge yalivuta manamba kutoka mbali, hivyo sensa za kikoloni za 1948 na 1957 ziliwakuta huko watu ambao kwao kulikuwa kwingine. Kabila liliulizwa mara ya mwisho 1967. Anayetaka kufuatilia Wazigua au Wasambaa baada ya hapo hana safu ya kusoma.

Atasema mtu: si tujumlishe tu Handeni na Kilindi? Kwa sensa, ndiyo, kwa kuwa kila mtu amehesabiwa. Tafiti za kaya ni habari nyingine. Ule wa mapato na matumizi wa 2017/18 ulichukua sampuli inayouwakilisha mkoa. Kaya chache za Korogwe zilizomo humo haziwezi kuisemea Korogwe, hata programu ya kompyuta ikikupa wastani bila kusita (nayo haisiti kamwe). Kabla ya jedwali, basi, usome dodoso na maelezo ya sampuli ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu.