Fomu wani, mpwa wangu na mzee Makweta

Nilikuwa nyumbani Njombe, halafu nikashuka Makambako kwa dada. Baridi ile ile, viazi vile vile. Nilikwenda kupumzika nikaishia kuwa mwalimu wa Kiingereza, kazi ambayo sikuisomea na sina hakika kama naiweza.

Ilikuwa hivi. Mpwa wangu alimaliza darasa la saba mwezi wa tisa. Kijana ana akili, hasa ya sayansi. Dada akampeleka kwenye tuisheni ya pri-fomu wani, hizi ambazo siku hizi ziko kila mtaa kuanzia Septemba mpaka sekondari zinapofunguliwa Januari. Ada ya mwezi ni sawa na gunia la viazi, tena lumbesa. Nilipofika alikuwa na wiki sita huko, nikamwomba daftari. Mwandiko mzuri ajabu! Kurasa kwa kurasa za baiolojia kwa Kiingereza, zote zimenakiliwa ubaoni. Nikaweka kidole kwenye mstari mmoja nikauliza, hii maana yake nini? Akatabasamu, akaangalia chini.

"Mjomba, hiyo tumeambiwa tukariri."

Neno lenyewe lilikuwa fotosinthesisi. Nikamwambia, hiyo si ndiyo usanisinuru? Basi! Kijana akakaa sawa, akanieleza majani, mwanga wa jua, maji, kabonidayoksaidi, mmea unavyojitengenezea chakula, mpaka mimi mwenye digrii nikawa nakumbushwa. Kumbe anajua. Lile gunia la viazi lilikuwa linalipia kitu alichokuwa nacho tayari, safari hii akipewa bila kukielewa.

Dada akauliza kutoka jikoni, "Hivi mdogo wangu, nani aliamua iwe hivi?" Nikajibu haraka haraka, kama sisi waandishi tunavyojibu: serikali. Usiku sikupata usingizi vizuri, maana jibu lenyewe lina mtu wa kwetu ndani yake.

Babu yetu alisoma midoskuli enzi za mkoloni. Waliofika huko walikuwa wachache mno na sina hamu na mfumo ule. Lakini Kiingereza kilianza kama somo, kikapanda taratibu hadi kikawa lugha ya kufundishia huko juu, kwa hiyo aliyeingia sekondari hakugonga ukuta. Machi 1967 Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, na kufikia 1968 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia shule za msingi mpaka darasa la saba. Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Mtoto aliyekua akisikia "kamwene" nyumbani, Kiswahili kwake tayari ni lugha ya pili, ya nini kumrundikia ya tatu akiwa na miaka saba?

Tatizo ni kwamba ngazi ilijengwa nusu. Mwaka 1969 wizara yenyewe ilizidokeza shule za sekondari kwamba Kiswahili kinaweza kuja huko. Somo la Siasa likafundishwa kwa Kiswahili. Watu wakaamini mengine yako njiani.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1980 Nyerere aliunda Tume ya Rais ya Elimu, mwenyekiti wake Jackson Makweta. Wa kwetu kabisa, mbunge wa miaka mingi, na jimbo lake la Njombe Kaskazini ndilo lililokuwa na Makambako ndani yake. Tume ikatoa taarifa yake 1982. Pamoja na mengine ikapendekeza kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili Januari 1985, kisha kipande mwaka hadi mwaka mpaka chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tarehe kabisa ilitajwa! Na Kiingereza kisiachwe, kifundishwe vizuri zaidi kama somo.

Mwaka 1983 ikatangazwa kwamba mabadiliko hayo hayatakuwepo. Aliyetangaza ni waziri wa elimu. Na waziri wa elimu wakati huo alikuwa nani? Jackson Makweta.

Nimelitafakari sana hili. Nikiwa chuoni ningemwita kigeugeu. Sasa hivi, baada ya miaka michache ya kukaa kwenye mikutano ya waheshimiwa na kuona nani anaamua na nani anatumwa kusoma karatasi, siwezi. Alifariki mwaka 2012, na mimi sikupata bahati ya kumuuliza.

Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Wakakuta hali mbaya kiasi kwamba wengi wa sekondari hawawezi kusoma masomo mengine kwa lugha hiyo. Ushauri wao? Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia! Uingereza ikafadhili mradi wa kukiimarisha, vitabu vya hadithi vikaja. Ni sawa na daktari akukute na homa akuandikie kulala nje. Mwalimu naye mwaka huo huo alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Hakukosea, ila fomu wani haisomi dunia, inasoma baiolojia.

Mengine mnayajua. Sera iliyozinduliwa Februari 2015 iliifungulia mlango lugha zote mbili, toleo la 2023 likarudisha sekondari kwenye Kiingereza. Mimi mwenyewe fomu wani nilivalishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili, shule siitaji. Nilikaa muhula mzima karibu bila kuongea. Na darasa la saba nilikuwa mtoto wa kunyoosha mkono kila swali. Hilo ndilo lililokuwa linaniogopesha kwa mpwa wangu, zaidi ya hata fotosinthesisi.

Tukaacha kunakili. Anieleze somo kwa Kiswahili kwanza, halafu tutafute maneno ya Kiingereza, halafu atunge sentensi fupi za kwake, hata kama ni mbovu. Jioni tunatembea mpaka barabara kuu, tunasoma maandishi kwenye malori ya Zambia na Malawi. Makambako ni njia panda, malori hayakosekani. Siku ya tisa akajipa moyo, akamfuata dereva mmoja wa Zambia akamuuliza kwa Kiingereza anakwenda wapi. Sentensi nzima, bila kosa.

Dereva akamjibu kwa Kiswahili: "Dar, mdogo wangu. Mayai ya kuchemsha yanauzwa wapi hapa?"

Tulicheka mpaka nyumbani.

Shule imeshafunguliwa. Dada kaniandikia juzi kwamba kijana anaomba kamusi ya TUKI, ile ya Kiingereza kwenda Kiswahili. Nimeipata ya mtumba, ukurasa wa herufi Z umechanika. Itaondoka na basi la Jumatatu.