Picha Zinazoelea za Kabalagala

Kwa mlaji, kabalagala ni andazi la ndizi mbivu na unga wa muhogo. Kwa mtembea usiku, ni mtaa wa baa na mikahawa ya Kihabeshi kandokando ya Barabara ya Ggaba, Kampala. Mimi nikilisikia jina hilo naikumbuka DVD ya kwanjula (sherehe ya utambulisho ya Waganda kabla ya harusi), ambamo picha hazikukubali kukaa kitako: bibi harusi anaelea mbele ya mashangazi, kisha wote wanageuka pande sita kama dadu.

Ujanja huo umeitangulia kompyuta. Mwaka 1957, Colin Low na Wolf Koenig wa Kanada walitoa City of Gold, filamu ambayo kamera yake inatembea taratibu juu ya picha mnato za mji wa Dawson. Mmarekani Ken Burns akaukuza mtindo huo hata Apple wakauita kwa jina lake katika programu yao ya video, iMovie, mwaka 2003. Kina cha picha kilikuja kando: programu ya Adobe, After Effects toleo la 5, la 2001, liliruhusu tabaka za picha kupangwa mbele na nyuma, na mwaka 2002 filamu The Kid Stays in the Picture ikawaonyesha watu waliobanduliwa kutoka kwenye picha zao.

Studio ya Kabalagala niliyoizoea ilikuwa na programu ya ProShow kwenye kompyuta ya Windows 7, feni yake ikinguruma kama jenereta. Fundi alimkata bibi harusi kwa kipanya, akipunguza mwendo kwenye yale mabega yaliyochongoka ya gauni lake la gomesi. Pengo aliloliacha akaliziba kwa majani yaliyonakiliwa pembeni. Kisha bibi harusi mbele, bustani nyuma. Aliye mbele akisogezwa haraka kuliko bustani, jicho linadanganyika. Dadu ile haikumpa kazi, ilikuja tayari ndani ya programu. (Mioyo myekundu inayodondoka pia. Hiyo sijawahi kuisamehe.)

Januari 2020 ilikuwa mbaya: tarehe 14 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7, na tarehe 31 Photodex, wenye ProShow, wakafunga. Fundi hakushtuka. Tangu 2013 Adobe walikuwa wameanza kukodisha matoleo mapya kwa mwezi, na dola na kadi ya benki si vitu vya kila studio. Kwa hiyo alikwisha zoea ya kale: programu kongwe haidai bando.

Inachodai ni nafasi kwenye diski. Ng'ambo ya pili ya jiji, Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza filamu Who Killed Captain Alex mwaka 2010 kwa kompyuta aliyoiunga mwenyewe, kisha akaifuta filamu hiyo humo ili iliyofuata ipate pa kukaa. Dunia inatazama nakala iliyosalia kwenye DVD.

Kama unayo DVD ya harusi kabatini, ihamishe wiki hii kwenye flashi mbili, na umwombe fundi zile picha asilia kabla kompyuta yake haijanyamaza.