Kiwambo si runinga: Maneno mnunuzi wa Pate anayopaswa kuyapambanua

"Nikinunua monita ya tarakilishi, si itanifaa pia kama TV?" Swali hili huulizwa sana madukani, na aghalabu muuzaji hujibu kwa neno moja: "Itafaa." Jibu hilo si uongo, ila halijakamilika. Kwa mkazi wa Pate, nusu ya jibu ni hasara. Kifaa kikinunuliwa Mombasa, kitapita barabarani hadi Mokowe, kipakiwe chomboni, kingoje maji yajae ndipo kivuke mkondo wa Mkanda, kisha kishushwe Mtangawanda. Kukirudisha si mchezo. Kwa hivyo, hebu tuyapambanue maneno kabla ya kutoa pesa, kwani jibu kamili limo katika historia yake.

Tuanze na 'kiwambo'. Neno hili limetokana na kitenzi 'wamba', yaani kutandaza kitu na kukikaza juu ya fremu au mahali palipo wazi. Ngoma huwambwa kwa ngozi, kitanda huwambwa kwa kamba, na ukuta wa fito na udongo huitwa kiwambaza. Kazi hii si ngeni kisiwani Pate, kwani mji wa Siyu ulisifika tangu zamani kwa mafundi wa ngozi na mbao. Wanaisimu walipotafuta neno la sehemu ya tarakilishi inayoonyesha picha, hawakukosea kulichukua hili. Kiwambo ni uso uliotandazwa, basi. Ngozi ya ngoma hailii mpaka upatikane mkono wa kuipiga. Kiwambo nacho hakionyeshi kitu mpaka kipatikane chombo cha kukiletea picha.

'Televisheni' ni habari nyingine. Neno hilo liliundwa mwaka 1900 na Mrusi Constantin Perskyi, kwa kuunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya 'mbali' na la Kilatini lenye maana ya 'kuona'. Nchini Kenya matangazo ya televisheni yalianza 1962. Zanzibar ikafuata 1973, tena kwa picha za rangi, ilhali Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Miaka yote hiyo sanduku moja lilifanya kazi mbili: kuyanasa mawimbi yaliyoletwa na antena, na kuonyesha picha. Kwa kuwa kazi hizo zilikaa ndani ya sanduku moja, tulizipa jina moja, iwe 'televisheni', 'runinga' au 'TV' ya mazungumzo. Mkanganyiko wa leo ulizaliwa hapo.

Ajabu ni kwamba aliyetangulia kukopa ni tarakilishi. ZX Spectrum na Commodore 64, zote za 1982, ziliundwa ili ziweze kuunganishwa na TV ya nyumbani, maana monita ilikuwa ghali. Mwaka 1987 kampuni ya IBM ilileta VGA, mfumo wa kupeleka picha ambao TV za kawaida za wakati huo hazikuuelewa, na ndugu hao wawili wakaachana ndia, kama wasemavyo watu wa visiwani. Walirudiana baada ya vipimo vya kwanza vya HDMI kutolewa mwishoni mwa 2002. Waya mmoja sasa ulipeleka picha na sauti, kwenye TV na kwenye monita vilevile.

Huku kwetu, kilichoyatenga maneno haya waziwazi ni uhamaji kutoka analogi kwenda dijitali. Kenya ilizima mitambo ya analogi kwa awamu, kuanzia mwisho wa 2014 hadi Machi 2015. Februari 2015 vituo vikubwa vya kibinafsi vilitoweka hewani kwa siku kadhaa kwa sababu ya mvutano huo. Hapo ndipo 'king'amuzi' lilipoingia vinywani mwa kila mtu. Limetoka kwenye 'ng'amua', yaani kutambua jambo lililofichika, na ndiyo kazi yake hasa: hulipokea wimbi la dijitali na kulifumbua liwe picha na sauti. Kazi ya kupokea ikahamia kwenye kijisanduku hicho, nayo TV kuukuu iliyounganishwa nacho ikabaki kuwa kiwambo tu, japo bado tunaiita TV.

Kwa hivyo, jibu kamili ni hili: monita ni kiwambo kisicho na kipokezi. Ukiiongezea king'amuzi, kiwe cha antena au cha dishi, umepata runinga. Ila kagua mambo matatu. Kwanza, king'amuzi chako kina tundu la HDMI? Vingine vya zamani vina matundu matatu ya rangi pekee, na monita nyingi hazina pa kuyapokea. Pili, sauti. Monita nyingi hazina spika. Tafuta yenye tundu la sauti, kisha uongeze spika za kando. Tatu, rimoti. Ya king'amuzi haitakuzimia monita. Utainuka mwenyewe ukabonyeze.

Nyumba nayo ina usemi wake. Katika nyumba za mawe za Pate na Lamu, dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, usiofika mita 3. Msana huwa mrefu na mwembamba. Kiwambo kikiwekwa kwenye ukuta mrefu, watazamaji wa katikati watakuwa karibu nacho, na inchi 24 au 27 zitawatosha mato yao. Lakini walioketi pembeni watakitazama kwa upande. Hapo aina ya paneli ndiyo muhimu: ile ya IPS haipotezi rangi ukiitazama kwa pembeni, ilhali ya TN hufifia.

Umeme pia usisahauliwe, hasa kwa wanaotegemea sola. Monita ya LED ya inchi 24 hutumia takriban wati 20 hadi 30, ilhali TV ya chogo ya inchi 21 ilitumia wati 60 na zaidi. Ukipiga hesabu, jumlisha pia king'amuzi na spika.

Ukihitaji kifaa cha kusomea mchana na kutazamia taarifa usiku, na king'amuzi unacho, nunua monita. Ukianza bila chochote, runinga yenye king'amuzi ndani yake huenda ikakupunguzia gharama na waya. Vyovyote vile, usiulize dukani kama kifaa 'ni TV'. Uliza: kinapokea, au kinaonyesha tu? Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na muuzaji naye atavutia kwake. Mnunuzi anayeyajua maneno ataweza kuvuta upande wa pili.