UTAWALA HULIWA MZIMA? Nyuma ya pazia na Kundi la Mufwankolo

Leo nataka twende pamoja nyuma ya pazia, pahali ambapo wachezaji wa teatre wanajitayarisha kabla ya watu kuwaona. Labda utauliza: teatre na amani ya inchi yetu, wapi na wapi? Nivumilie kidogo. Mwishoni wewe mwenyewe utajibu.

Tuanzie Lubumbashi, mwaka 1986. Wakati ule inchi yetu iliitwa Zaire, na jimbo la Katanga liliitwa Shaba. Chama kilikuwa kimoja tu, MPR, na mkubwa alikuwa mmoja, Mobutu, aliyeshika utawala tangu mwaka 1965. Katika mji huo kulikuwa na kundi la wachezaji lililojulikana na wakubwa kwa wadogo: Kundi la Mufwankolo. Mufwankolo ni jina la uchezaji la kiongozi wao. Watu walimsikia kwenye redio, kisha wakamwona kwenye televizyo. Kundi hilo halikucheza kwa Kifaransa cha shule. Lilicheza kwa Kiswahili, kile cha kambi za wafanyakazi wa migodi, cha soko na cha barabara. Lubumbashi ni mji uliojengwa na watu waliotoka pande nyingi kutafuta kazi ya shaba, na Kiswahili chake hakikuwa mali ya kabila moja. Kilikuwa nyumba ya wote.

Mwaka huo alikuwapo mtaalamu mmoja Mjerumani, Johannes Fabian, aliyekuwa amefundisha kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi katika miaka ya 1970. Siku moja, akiwa mezani pa marafiki, aliletewa firigisi ya kuku. Wewe unajua: katika nyumba zetu nyingi firigisi ni ya baba mwenye nyumba, ao ya mgeni wa heshima. Alipotaka kuigawa na wenzake, akaambiwa kwa Kifaransa kwamba utawala huliwa mzima. Methali hiyo ikamkaa moyoni. Akaenda kuwauliza wachezaji wa Mufwankolo maana yake. Wao hawakumjibu kwa hotuba. Waliamua kutengeneza mchezo.

Hapa ndipo pazia linafunguka. Fabian aliketi nao kwenye mazoezi, akanasa sauti zao, na mwaka 1990 akatoa kitabu kilichobeba maneno yao ya Kiswahili. Kwa sababu hiyo tunajua namna mchezo ulivyozaliwa.

Kwanza, hapakuwa na mwandishi mmoja aliyetunga maneno yote na kuwagawia wengine wayakariri. Waliketi, wakajadiliana. Methali ilikuja kwa Kifaransa: tuiseme namna gani kwa Kiswahili? Tuseme utawala, ao uwezo, ao nguvu, ao ukubwa? Usidhani hilo ni jambo dogo. Anayebadili neno anabadili na maana. Mtu mwenye nguvu anaweza kuwa mwizi tu. Mwenye utawala anatakiwa kutawala watu, na watu wana macho.

Pili, walipanga hadithi: kijiji, chifu, wakubwa wake na raia. Tatu, waligawana sehemu, na kila mchezaji akatafuta maneno yake mwenyewe. Walijaribu, wakasimama, wakasahihishana, wakarudia. Kisha mchezo ulipelekwa kijijini Kawama, karibu na Lubumbashi, ukachezwa mbele ya wanakijiji, na televizyo ikaupiga picha.

Kuongea juu ya utawala katika miaka ile, ndugu yangu, hakukuwa mzaha. Mtu alipima neno kabla ya kulitoa kinywani. Mimi naona chifu wa kijiji alikuwa kifuniko kizuri: mwenye kutaka kuelewa anaelewa, na mwenye kutaka kukamata hana pa kushika.

Sasa sikiliza vizuri. Methali ilisema kwamba utawala haukatwi vipande. Lakini watu waliotengeneza mchezo juu ya methali hiyo walikata kila kitu vipande: fikira, hadithi, maneno. Sisemi kwamba hapakuwa na mkubwa. Mufwankolo alikuwa kiongozi, na kundi lilimsikia. Bali ukubwa wake haukumnyima mwenzake neno. Kama angekula mazungumzo yote peke yake, mchezo ungekufa, kwa maana mchezaji asiye na maneno yake anasimama mbele ya watu kama kinu.

Usifikiri nasema mchezo unaokoa inchi. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1992 na 1993, katika miji ya jimbo lile lile watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makwao. Wengi walikuwa wamezaliwa pale. Huko Likasi na Kolwezi jamaa nzima zililala kwenye stesheni za treni, wakingojea gari la kuwapeleka katika inchi ya babu zao, ambayo watoto hawakuijua. Waliowafukuza waliongea nao Kiswahili kile kile, na labda walikuwa wamecheka pamoja mbele ya televizyo moja. Wanasiasa walikuwa wamewafundisha watu kwamba kazi na viti ni firigisi: kabila moja likila, lingine lazima lilale njaa.

Kisha vita vikaja, mwaka 1996, na tena mwaka 1998. Mapatano yaliyotiwa sahihi Pretoria mwezi wa Desemba 2002 yakatuletea serikali ya rais mmoja na makamu wanne, tangu mwaka 2003 mpaka 2006. Wengi walisema: sasa methali imevunjika, utawala umegawanywa! Mimi niliyesoma sheria nakuambia: angalia vizuri. Kugawa firigisi kati ya wakubwa watano si kuigawa na wale waliomlisha kuku. Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 5 kwamba enzi ya taifa ni ya raia. Hilo ni neno zuri. Lakini neno lililoandikwa na kuwekwa kabatini ni kama mchezo usiofanyiwa mazoezi.

Basi mazoezi yenyewe yanafanyika wapi? Nikueleze nililoliona. Miaka michache iliyopita nilifuatana na kundi dogo la wachezaji katika jimbo la Tanganyika: watu saba, ngoma mbili, begi moja la nguo za kuazima, na gari lililotuacha njiani mara mbili. Tulikuwa tunazunguka vijiji vyenye magomvi ya mashamba. Kazi yao haikuanza na mchezo. Walianza kwa kuketi sokoni na kwenye kisima, kusikiliza. Wakasikia upande huu, wakasikia na upande ule. Jioni wakapanga hadithi bila mwisho, kusudi watu wenyewe waingie uwanjani na kuonyesha mwisho wanaoutaka. Njia hiyo ilipata sifa katika miaka ya 1970 kwa kazi ya Augusto Boal wa Brazili, lakini wazee wetu wanaokaa chini ya mti hawataishangaa.

Katika kijiji cha kwanza tulikosea. Mchezaji aliyepewa sehemu ya mwizi wa mihogo aliiga namna ya kusema ya majirani wa upande wa pili. Watu wakacheka sana. Lakini nyuma ya uwanja niliona wanaume kumi hivi wakiondoka kimya, na mama mmoja akimvuta mtoto wake kwa mkono. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililotuogopesha.

Usiku ule hatukulala mapema. Taa ya mafuta ilikuwa katikati, na mabishano yalikuwa makali. Kijana aliyecheza akasema: “Mimi nilichekesha tu, na watu walifurahi.” Dada mmoja wa kundi, ambaye mama yake ni wa upande ule, akamjibu: “Walifurahi nani? Wewe uliwapa panga, wakalipokea kwa kicheko.” Kiongozi alikuwa na haki ya kukata neno. Hakulikata. Aliacha kila mtu aseme, hata dereva. Mwishoni kijana mwenyewe akaomba sehemu ibadilishwe: mwizi asiwe na lafudhi ya mtu yeyote. Kesho yake asubuhi yeye na kiongozi walikwenda kwa wale walioondoka, kuomba radhi. Hawakupokelewa wote. Mzee mmoja aliwafungia mlango. Lakini mchana wachache walirudi uwanjani, wakasimama nyuma, mikono kifuani, na mmoja wao akaingia kuonyesha mwisho wake.

Ndugu yangu, pale nilikumbuka Lubumbashi ya mwaka 1986. Amani ilitengenezwa nyuma, pale penye taa, na watu waliokubali kusahihishwa. Kama wasingeweza kuvumiliana wao saba, wangewafundisha nini watu mia tatu?

Sasa nakuachia maswali, uyajadili na wenzako katika kundi la kusikiliza, nyumbani ao kanisani. Katika mkutano wa kartiye yako, nani anapanga maneno kabla ya watu kuitwa? Wamama wanaitwa kupanga, ao wanaitwa kupiga makofi? Unapochekesha wenzako, unaazima lafudhi ya nani? Na siku utakapopewa ukubwa, hata ukubwa wa watu saba tu, firigisi ile utaifanya nini?

Usinijibu mimi. Wajibu wale unaokula nao.