Mzimu, Kisasi na Ndugu: Masimulizi ya Mombasa na Mizizi ya Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

Utangulizi

Karibu na Feri ya Likoni, upande wa kisiwani Mombasa, umesimama mnara wa matumbawe wa Mbaraki, na ubavuni mwake yapo magofu ya msikiti wa karne ya 15. Msikiti ulipohamwa, mahali penyewe hapakuhamwa. Katika itikadi za watu palipata wakaazi wengine, nao ni mizimu. Hata baada ya wataalamu wa mambo ya kale kupachimba na kupapima katika miaka ya 1970, watu waliendelea kupeleka ubani na marashi na kuomba haja zao. Elimu ilieleza nani alijenga. Haikuondoa sababu ya mtu kwenda kuomba.

Mnara huu unafaa kuanzia mjadala wa riwaya ya upelelezi, kwa sababu riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo katika Kiswahili inaanzia mahali pa namna hii. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammad Said Abdulla, maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni, nayo haina kichwa. Kazi hiyo ilishinda katika mashindano ya uandishi ya 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Kutoka hapo mhakiki huulizwa maswali mawili: nani aliyeua, na je, aliyeua ni binadamu au ni mzimu? Makala hii inakusudia kuongeza swali la tatu, ambalo uhakiki haujalipa uzito unaostahili: baada ya muuaji kujulikana, haki ya kumlipa ni ya nani? Swali hilo halikuzaliwa na riwaya. Lilikwisha kuulizwa, na kujibiwa kwa damu, katika tarihi za Mombasa.

Asili iliyozoeleka

Wahakiki wengi wamezoea kuitafuta asili ya Bwana Msa London, katika nyumba ya Sherlock Holmes. Hoja yao ina msingi. Bwana Msa huvuta kiko, hutazama vitu vidogo ambavyo wengine huvipita, na hufuatana na Najum, rafiki ambaye kazi yake ni kushangaa kwa niaba ya msomaji. Inspekta Seif naye anashika nafasi ya polisi anayeona mengi na kuelewa machache. Hata matumizi ya mzimu yana mfano wake kwa Conan Doyle: katika The Hound of the Baskervilles, iliyotoka 1901–1902, laana ya kale ya ukoo inageuka kuwa pazia la mtu anayetaka urithi.

Hata hivyo, kuonyesha kwamba mtunzi aliazima chombo si kuonyesha alichokipakia. Msomaji wa pwani hakungoja kumjua Holmes ndipo apate hadithi ya mauaji na uchunguzi. Katika Alfu Lela Ulela kuna kisa cha maiti ya mwanamke iliyopatikana ndani ya sanduku mtoni, na waziri Jaafar akaamriwa kumtafuta muuaji au auawe yeye. Zaidi ya hayo, pwani ilikuwa na tarihi zake, na ndani yake mauaji hayakuwa fumbo la kuburudisha akili. Yalikuwa deni.

Kichwa kilichopelekwa Goa

Deni la kwanza la kuangaliwa ni la mwaka 1614. Hasan bin Ahmad, mfalme wa Mombasa, aligombana na kapteni Mreno wa Ngome, ile iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Akakimbilia bara, akauawa Rabai na watu waliolipwa na Wareno. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Goa. Mwanawe, Yusuf, alipelekwa huko huko Goa akiwa mtoto mdogo, akalelewa na mapadre wa Kiagustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa awe mfalme Mkristo chini ya wale wale waliomuua baba yake.

Mpango huo ulitegemea dhana moja: kwamba mtoto akipewa jina jipya na dini mpya, na damu yake itapata kumbukumbu mpya. Haikuwa hivyo. Inasimuliwa kwamba Yusuf alionekana kwa siri akimwombea baba yake kaburini kwa desturi za Kiislamu, na habari ikafikishwa kwa kapteni. Yaani kabla ya kisasi palikuwa na upelelezi, na aliyepelelezwa ni mwana aliyekuwa akiomboleza. Mwezi wa Agosti 1631 Yusuf akatangulia kabla hajakamatwa. Aliingia Ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na Wareno na Wakristo wengine wa mji wakauawa.

Upelelezi wa pili ulifuata mauaji hayo. Huko Goa viongozi wa kanisa walikusanya ushahidi wa viapo ili kuthibitisha kwamba waliouawa walikufa mashahidi wa dini, na G. S. P. Freeman-Grenville aliuchapisha ushahidi huo mwaka 1980. Ni hati zenye thamani kubwa, lakini mhakiki wa fasihi hana budi kutambua umbo lake. Zinauliza kwa makini waliokufa walikufaje, walisema nini, na walikataa nini. Kifo cha Hasan bin Ahmad hakikuwa kesi iliyofunguliwa mbele ya mahakimu hao. Palipokuwa na uchunguzi hapakuwa na swali la mwana, na palipokuwa na swali la mwana hapakuwa na mahakama.

Yusuf mwenyewe aliuacha mji mwaka 1632, akaishia kuwa mharamia baharini, na Wareno wakarudi. Kisasi kilimlipa baba, lakini hakikumpa mwana mji.

Ndugu aliyerudi Ngomeni

Kisa cha pili ni cha ndugu wawili wa Kimazrui. Ukoo wa Yaarubi ulipoanguka Oman na Ahmad bin Said Al-Busaidi akashika uimamu, Muhammad bin Uthman, liwali wa Mombasa, hakukubali kumtii. Kwa mtazamo wake, ikiwa mtu aliyekuwa liwali kama yeye ameweza kujifanya mfalme, hakuna sababu ya yeye kubaki mtumishi. Mwaka 1746 wakaja watu kutoka Oman, kiongozi wao akiwa Seif bin Khalaf, wakajidai kuwa wamehasimiana na Imamu. Walikaribishwa kama wageni, na wageni hao wakamuua mwenyeji wao. Ali bin Uthman, ndugu wa marehemu, alifungwa Ngomeni. Akatoroka, akakusanya watu wa Mombasa na washirika wao wa bara, akairudia Ngome, akaitwaa. Seif bin Khalaf akauawa, na Ali akakalia kiti cha nduguye.

Hapa hakuna fumbo la nani aliyeua. Fumbo limewekwa kabla ya mauaji, katika sura ya mgeni: anayeingia ni mkimbizi au ni muuaji? Baada ya damu kumwagika, kila mtu anajua kilichotokea, na simulizi inageukia swali la nani ana haki ya kutenda. Jibu la tarihi ni moja: ndugu. Ali hahitaji ushahidi wala hukumu, kwa kuwa undugu wenyewe ni hati yake. Damu ni nzito kuliko maji, wasemavyo Waswahili, na katika kisa hiki uzito huo ndio unaowavuta watu wa mji na wa bara kumfuata mtu aliyetoka kifungoni akiwa hana kitu.

Lakini tarihi hiyo hiyo haikomi hapo, na ubora wake uko katika kutokoma huko. Katikati ya miaka ya 1750 Ali alikwenda kupigana Unguja. Alipokaribia kushinda, alichomwa na mtu wa nyumba yake mwenyewe, Khalaf, anayetajwa kuwa mwana wa mmoja wa nduguze. Vita vikavunjika, na liwali akawa Masud bin Nasir. Undugu uliomnyanyua Ali kutoka gerezani ndio uliomfikisha kwenye jambia. Msomaji anayetaka kuuona undugu kama fadhila tupu atapata taabu na kisa hiki, na msomaji anayetaka kuuona kama balaa tupu atapata taabu vilevile.

Inafaa kukumbuka pia ni nani aliyetuhifadhia habari hizi. Tarihi fupi ya Mombasa iliyopatikana na Waingereza walipokuwa mjini humo kati ya 1824 na 1826 ilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1833. Lakini historia kamili ya Wamazrui iliandikwa kwa Kiarabu na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya aliyefariki mwaka 1947, na tafsiri yake ya Kiingereza ilitolewa mwaka 1995. Sheikh Al-Amin aliwaandika watu wa ukoo wake. Kwa hiyo hata kalamu katika tarihi hiyo ni kalamu ya ndugu, na kusimulia kifo cha jamaa ni njia mojawapo ya kumdai.

Bwana Msa na mwisho wa mwenye damu

Ukiirudia riwaya ya Abdulla baada ya visa hivi viwili, jambo moja linajitokeza waziwazi. Maiti isiyo na kichwa ya Bwana Ali inakumbusha kichwa cha Hasan bin Ahmad, ingawa hakuna haja ya kudai kwamba mtunzi alikusudia hivyo. Kinachohitaji kuangaliwa ni tofauti. Bwana Msa si mwana wa marehemu, si nduguye, wala si mrithi wake. Hana kisasi cha kulipa. Anataka kujua, na akishajua kazi yake imekwisha, kwani muuaji anakabidhiwa serikali. Kujua na kulipiza, mambo yaliyokuwa mkononi mwa mtu mmoja katika tarihi, yametenganishwa.

Utengano huu una historia yake. Abdulla, aliyezaliwa 1918 na kufariki 1991, aliajiriwa kwanza katika idara ya afya huko Unguja kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti, na kuanzia 1958 akahariri gazeti la Mkulima. Alikuwa mtu wa ofisi na wa maelezo, aliyeamini kwamba ugonjwa una chanzo na uvumi una mwenyewe. Kwake yeye, mzimu si mwongo kwa sababu watu wanauamini; ni mahali ambapo mwongo hupata pa kujificha kwa sababu watu wanauogopa. Kisima cha Giningi (1968) kinatumia mbinu hiyo hiyo kwa jina lililojaa hofu za uchawi. Katika kazi zote mbili kinachoshindwa si imani ya wanakijiji, bali ni mtu aliyeitumia imani hiyo kuwafumba macho.

Je, ndugu ameondoka kabisa? La. Amehama nafasi. Nasaba iliyofichwa, na watu wasiojua ndugu zao ni nani, ni mambo yanayojirudia katika kazi za Abdulla, hasa katika Duniani Kuna Watu (1973). Katika tarihi, ndugu alimtafuta muuaji. Katika riwaya hizi mpelelezi humtafuta ndugu. Badiliko hili ni kubwa kuliko uazimaji wa kiko. Ali bin Uthman alijua nduguye ni nani na akatenda kwa ujuzi huo. Watu wa Abdulla wanaishi katika jamii ambamo ujuzi huo umepotea kwa siri za wakubwa, na bila mgeni mwenye akili kuufukua huweza kudhuriana pasipo kujua.

Waandishi waliofuata walilipeleka suala hili kwingine. Katika riwaya za Willy Gamba za A. E. Musiba, mojawapo ikiitwa Kikosi cha Kisasi, neno kisasi limerudi wazi, lakini anayelipiza ni mtumishi wa dola na adui ni mfumo wa makaburu. Taifa limechukua nafasi ya ndugu, na neno "ndugu" lenyewe, katika Tanzania ya miaka hiyo, lilikuwa jina la kumwitia kila raia.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina mizizi miwili: umbo lililoazimwa ng'ambo, na swali la pwani kuhusu damu na mwenye haki ya kuidai. Kuiita fasihi ya kupitisha wakati ni kuutazama mzizi mmoja tu. Tarihi za Mombasa zilimpa ndugu haki hiyo, kisha zikaandika bila kuficha alichokipoteza: Yusuf alikosa mji, na Ali akafa mikononi mwa jamaa yake. Riwaya ilimnyang'anya ndugu jambia, ikampa mgeni swali. Hiyo ni faida. Lakini riwaya ifungwapo, muuaji akiwa amechukuliwa na polisi na Bwana Msa akiwa amewasha kiko chake, nyumbani kwa marehemu mnabaki mtu ambaye hakuna aliyemuuliza lolote. Watu wanaopeleka ubani Mbaraki huenda wanajua kwa nini mnara huo haujakosa wageni: maelezo hujibu swali la aliyetaka kujua, na aliyefiwa huwa na haja nyingine.